Maji Hugeuka Mvuke, Plastiki Hubaki

Ziwa Viktoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka juu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribiana na hicho huondoka kwa kugeuka mvuke na kurudi angani. Mito yote inayolilisha, Kagera, Nzoia, Mara, Simiyu, Nyando na mingineyo, huleta sehemu ndogo iliyobaki, na mlango wa pekee wa kutokea, ule wa Jinja ambako Nile huanza safari yake, huchukua sehemu ndogo vilevile. Wataalamu wa maji wamelijua jambo hili kwa miongo mingi na wamelitumia kueleza kwa nini kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Lakini lina maana nyingine ambayo haijapewa uzito unaostahili. Kitu kisichogeuka mvuke, kikishaingia katika ziwa hili, kina njia chache mno za kuondoka: kitoke Jinja, kimezwe na kiumbe, au kizame katika tope. Plastiki ni kitu cha namna hiyo, tena haiozi. Ndiyo maana, kwa ziwa la aina hii, swali la iwapo chembe za plastiki zimethibitishwa kumdhuru mwanadamu ni swali zito lakini haliwezi kuwa la kwanza. Linalotangulia ni kujua ni katika hatua gani bado tuna uwezo wa kufanya lolote, kwa sababu hatua hiyo hupita kabla ya majibu ya maabara kukamilika.

Maikroplastiki ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiofika milimita 5. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha katika jarida la Science makala fupi iliyoonyesha kwamba mchanga wa fukwe na maji ya bahari vimechanganyika na vipande ambavyo jicho huvipita bila kuviona. Baadhi ya chembe hizi huzaliwa zikiwa ndogo, kama punje za malighafi zinazopelekwa viwandani. Nyingi zaidi ni masalia ya vitu vikubwa: mfuko uliochakaa, kamba iliyosagika, tairi iliyolika barabarani, shati la poliesta lililofuliwa mpaka likapauka. Jua ndilo linaloanza kazi hiyo. Miale yake hukata minyororo ya molekuli, plastiki hukauka na kuwa rahisi kukatika, na kila wimbi, kila gurudumu na kila unyayo huigawanya zaidi. Mstari wa ikweta unalipitia Ziwa Viktoria, nalo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapo ni kali mwaka mzima. Chupa iliyotupwa ufukweni Mwanza au Kisumu haipati msimu wa baridi na giza wa kuichelewesha kusagika.

Ushahidi wa kwanza wa chembe hizi katika Maziwa Makuu ya Afrika ulitoka Mwanza. Mwaka 2016 Fares Biginagwa na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza matumbo ya sangara 20 na sato 20 walionunuliwa mjini humo. Zaidi ya nusu ya sangara, na zaidi ya theluthi ya sato, walikuwa na vitu vilivyofanana na plastiki. Vipimo vya kikemia vilipofanyika, plastiki ilithibitika katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili. Ilikuwemo polithini, ambayo ndiyo hutengenezwa mifuko, ikawemo poliesta ya nguo, poliyurethani na mpira wa silikoni. Miaka minne baadaye Robert Egessa na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya juu ya ziwa upande wa Uganda, wakataja kati ya chembe 0.02 na 2.19 kwa kila mita ya ujazo. Ukiitazama haraka takwimu hiyo inatuliza: chembe mbili katika lita elfu moja. Lakini vipimo vya namna hii hufanywa kwa wavu wa kukokota wenye matundu ya karibu theluthi moja ya milimita, na kila kilicho chembamba zaidi ya hapo hupita zake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa chembe zenye upana unaozidi maikromita 150 hazitarajiwi kupenya ukuta wa utumbo wa mwanadamu. Hutoka na choo. Kwa maneno mengine, wavu ule hukamata zile chembe ambazo mwili unaweza kuzikataa, na huachia zile zinazotutia wasiwasi. Aidha hupima maji ya juu tu. Plastiki za chupa na za mabomba ni nzito kuliko maji na huzama zenyewe, na zile nyepesi nazo huzama zikishavikwa mwani, ambao katika ziwa hili lililorutubishwa kupita kiasi ni mwingi. Kwa hiyo ni busara kudhani kwamba ghala kubwa zaidi liko chini, katika tope, ambako kamongo na viumbe wengi wadogo wanaoliwa na samaki hujitafutia riziki.

Chembe hizi hufikaje ziwani? Kwa muda mrefu takwimu moja ilitawala mijadala ya dunia: kwamba mito 10 tu, Nile na Niger zikiwemo, hubeba karibu plastiki yote inayofika baharini kwa njia ya mito. Hesabu hiyo ya mwaka 2017 ilifanya tatizo lionekane la kwenye ramani kubwa, la mito yenye majina. Mwaka 2021 Lourens Meijer na wenzake walikokotoa upya kwa kuingiza mvua, mteremko, umbali na namna ardhi inavyotumika, wakaona kwamba inahitajika mito zaidi ya 1,000 ili kufikia asilimia 80 ya plastiki hiyo, na kwamba mito midogo inayopita katikati ya miji ndiyo yenye mchango mkubwa. Ziwa Viktoria si bahari, lakini funzo ni lilelile. Mto Mirongo unaokatiza Mwanza, Kisat unaopita Kisumu, mfereji wa Nakivubo unaotoka Kampala: hiyo ndiyo mito ya kuangaliwa, ingawa maji yake ni kidogo sana ukiyalinganisha na ya Kagera. Nakivubo ni mfano wa kusikitisha kuliko yote, kwa kuwa humwaga maji yake katika ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala.

Mito hiyo ina tabia nyingine inayostahili kuelezwa. Watafiti waliochunguza mito ya eneo la Manchester, Uingereza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, walipima tope la chini ya mito kabla na baada ya mafuriko makubwa ya majira ya baridi, wakakuta kwamba mafuriko yalikuwa yamekomba takriban asilimia 70 ya maikroplastiki iliyokuwa imehifadhiwa pale. Maana yake ni kwamba mto wa mjini hukusanya polepole wakati wa kiangazi, kisha hutoa kwa mkupuo. Katika miji ya kwetu, yenye mvua za vuli na za masika, mitaro iliyojaa mifuko na barabara zenye vumbi la tairi, hakuna sababu ya kutarajia tabia tofauti. Jambo hili lina matokeo ya kiutendaji: usafi wa mitaro unaofanyika baada ya mafuriko huwa umechelewa, na fedha ileile ingetumika mwishoni mwa kiangazi ingezuia mengi zaidi.

Njia ya pili ni hewa, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwaka 2019 Steve Allen, Deonie Allen na wenzao walichapisha vipimo kutoka milima ya Pyrenees, upande wa Ufaransa, mahali pasipo na mji wowote karibu. Walikuta wastani wa chembe 365 zikidondoka kila siku juu ya kila mita moja ya mraba. Zilikuwa zimeletwa na upepo, mvua na theluji. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kama ilivyosemwa, hunywa zaidi mvua kuliko mito. Tena tunajua tayari kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayolirutubisha ziwa huanguka kutoka hewani, ikiwa imebebwa na vumbi na moshi. Hewa inayobeba fosforasi haina kichujio cha kukataa nyuzi za nguo. Hapa ndipo desturi ya kuchoma taka nyuma ya nyumba, ambayo wengi huiona kuwa usafi, inapogeuka kuwa usafirishaji: mfuko uliochomwa nusunusu hauishi, hugawanyika kuwa masizi, mabaki yaliyoyeyuka na vipande vyepesi ambavyo upepo huvichukua.

Nguo zinahitaji maneno zaidi kuliko zinavyopewa. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani leo ni za petroli, poliesta ikiwa mbele, na mitumba inayofunguliwa katika masoko ya Afrika Mashariki imefuata mwelekeo huohuo. Kila inapofuliwa, nguo hutoa nyuzi. Utafiti kutoka China uliochapishwa mwaka 2023 uliona kwamba kitambaa cha poliesta kikifuliwa kwa mkono hutoa wastani wa nyuzi 1,853, na kikifuliwa kwa mashine hutoa 23,723. Anayefua kwa mkono anatoa chache, na jambo hilo lisemwe wazi, kwa kuwa kuna mazoea ya kuwalaumu akina mama wanaofulia ufukweni kana kwamba wao ndio chanzo. Tofauti ni kwamba maji ya mashine katika nchi zilizo na mabomba ya majitaka hupita kwenye mitambo ambayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, inaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya chembe, ilhali maji ya beseni la ufukweni huingia ziwani palepale. Anayefulia pale hafanyi hivyo kwa kupenda. Anafanya hivyo kwa kuwa bomba halijafika nyumbani kwake, na wala kijijini kwake hakuna mahali pa kufulia palipojengwa mbali na maji.

Kisha zana za uvuvi. Nyavu za pamba na katani zilishapitwa na wakati. Leo karibu kila wavu, kamba na boya ni plastiki. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa nailoni, zimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu huvua samaki wachanga, zikikatika hazishonwi tena na zikipotea majini huendelea kuua. Marufuku hiyo ilitungwa kulinda samaki, lakini mtu anayejali chembe za plastiki ana sababu yake ya kuiunga mkono: timba ni wavu wa kutumia na kutupa. Na hapo ndipo udhaifu wa sheria unapoonekana, kwa sababu nyavu zinazokamatwa na maofisa wa uvuvi kwa kawaida huchomwa moto hadharani, mara nyingi karibu na ufukwe uleule.

Tuje sasa kwenye afya, ambako ushabiki wa pande zote umeharibu mazungumzo. Mwaka 2022 Heather Leslie na wenzake nchini Uholanzi waliripoti kuwa wamekuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliojitolea. Machi 2024 Raffaele Marfella na wenzake nchini Italia walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti uliowafuatilia wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo ipelekayo damu kwenye ubongo. Katika 150 kati yao, polithini ilikutwa ndani ya utando wa mafuta uliotolewa kwenye mshipa. Kundi hilo, ukilinganisha na wale ambao hawakukutwa na plastiki, lilikuwa na hatari ya zaidi ya mara nne ya kupata shtuko la moyo, kiharusi au kifo katika takriban miaka mitatu iliyofuata. Ni matokeo mazito, na waandishi wake wenyewe walisema kwamba hayathibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyosababisha. Huenda watu wenye plastiki nyingi mwilini wanatofautiana na wengine kwa chakula, kazi au hewa wanayovuta.

Upande wa pili kuna madai yaliyokuzwa. Ile kauli iliyozunguka dunia nzima kuanzia mwaka 2019, kwamba kila mtu humeza gramu 5 za plastiki kwa wiki, haikusimama ilipochunguzwa; makadirio ya baadaye yalitoa kiasi kidogo mno kwa kulinganisha. Utafiti wa mwaka 2025 uliodai kukuta plastiki nyingi katika ubongo wa marehemu umepingwa na wakemia wanaosema kwamba mbinu iliyotumika inaweza kuyachanganya mafuta ya mwili na polithini, na ubongo umejaa mafuta. Pingamizi hizi ni za haki. Anayetetea ziwa kwa takwimu zisizosimama huwapa wapinzani wake nafasi ya kukataa hata zile zinazosimama. Kinachoweza kusemwa bila kuyumba ni hiki: chembe zimo katika chakula, maji na hewa, zilizo ndogo zaidi zinaweza kuvuka mipaka ya mwili, na zinaposafiri hazisafiri tupu. Ripoti ya mradi wa PlastChem ya mwaka 2024 iliorodhesha kemikali zaidi ya 16,000 zinazotumika au kupatikana katika plastiki, na kati yake zaidi ya 4,200 zinatia wasiwasi kwa sumu yake, kwa kudumu kwake au kwa kujilimbikiza. Moja tu kati ya kemikali za tairi inatosha kuonyesha uzito wa suala. Kwa miaka mingi samaki wa jamii ya samoni walikuwa wakifa katika vijito vya jimbo la Washington, Marekani, kila baada ya mvua kubwa, na sababu haikueleweka. Desemba 2020 Zhenyu Tian na wenzake walitangaza kuwa muuaji ni kemikali inayozaliwa pale kihifadhi cha mpira wa tairi kinapokutana na ozoni ya hewani. Tairi zilikuwa zimetumika kwa miongo kadhaa bila mtu kuijua kemikali hiyo.

Mpinzani makini atakumbusha ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kuhusu maji ya kunywa, iliyosema kuwa ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha hatari kwa afya katika viwango vya sasa, na atauliza kwa nini nchi zenye mahitaji mengi zitumie fedha kwa hatari isiyothibitishwa. Ripoti hiyo inastahili kusomwa mpaka mwisho, kwa sababu ilisema pia kuwa data ni chache, na ikataka uchafuzi wa plastiki upunguzwe hata hivyo. Lakini jibu langu halitegemei hilo. Tukumbuke risasi katika petroli. Onyo lilitolewa tangu miaka ya 1920, uthibitisho ulichelewa kwa miongo, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikamilisha kuiondoa mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi ilipoondolewa, kiwango chake katika damu za watoto kilishuka ndani ya miaka michache. Dunia iliweza kukosea kwa muda mrefu na bado ikapata nafasi ya kurekebisha, ingawa watoto wengi walilipia. Plastiki iliyosagika katika ziwa linalopoteza maji yake kwa mvuke haitupi nafasi hiyo. Siku tutakapokuwa na uthibitisho kamili, hakutakuwa na wavu wa kuitoa. Gharama ya kuchukua tahadhari mapema na kukuta hatari ni ndogo kuliko tulivyohofu ni mitaro safi na fukwe safi. Gharama ya kusubiri na kukuta hatari ni kubwa haiwezi kulipwa kwa bajeti yoyote.

Katika pwani zote za ziwa hili kuna suala moja ambalo linawagusa maskini kuliko wengine, nalo ni dagaa. Sangara na sato hutolewa matumbo kabla ya kupikwa, na minofu ya sangara husafirishwa nje. Dagaa, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani, na huliwa wazima, tumbo na yote. Ndio protini ya nyumba isiyomudu nyama, ndio wanaosagwa kutiwa kwenye uji wa watoto, na pia huchanganywa katika chakula cha kuku. Kwa hiyo utafiti wa matumbo ya sangara, pamoja na umuhimu wake, unatueleza zaidi kuhusu ziwa kuliko kuhusu sahani. Dagaa wengi huanikwa mchangani ufukweni, mahali penye mabaki ya mifuko na nyuzi za nyavu, na hata wanaoanikwa juu ya nyavu kuukuu hugusana na plastiki inayochakaa juani. Hili si onyo la kuacha kula dagaa. Madini ya chuma, kalsiamu na protini wanayowapa watoto ni faida ya hakika, na kuitoa faida ya hakika kwa ajili ya hatari ambayo ukubwa wake haujapimwa lingekuwa kosa kubwa. Wakaushaji wapewe uwezo wa kuanika juu ya vichanja vilivyoinuliwa, ambavyo pia hupunguza mchanga na vijidudu na kuwapandishia bei. Ni mara chache katika masuala ya mazingira kupata hatua ambayo mchuuzi, mlaji na mtafiti wote wanaikubali kwa sababu tofauti.

Wapo wanaosema kwamba ziwa lina maradhi makubwa zaidi ya kushughulikiwa kwanza: majitaka yasiyosafishwa, kipindupindu, gugu maji, zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Siwezi kubishana na uzito wa maradhi hayo. Ninachobishana nacho ni dhana kwamba yako kwenye foleni tofauti. Mtaro unaozibwa na mifuko ndio unaofurika na kuingiza choo ndani ya nyumba. Mtaro huohuo ndio unaopeleka nyuzi na vumbi la tairi ziwani. Na bwawa la kutuliza majitaka linalojengwa kwa ajili ya vijidudu hutuliza pia sehemu kubwa ya chembe. Hata mtu anayechota maji ya kunywa kwa ndoo ufukweni, ambaye hanufaiki na kichujio chochote, tiba yake kwa kipindupindu na kwa plastiki ni bomba lilelile. Mji unaokusanya taka zake zote kila wiki haujaongeza kazi mpya kwa ajili ya maikroplastiki. Umefanya kazi ya zamani ambayo haikufanywa.

Wengine wataonyesha marufuku ya mifuko, na wana haki ya kujivunia. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya ikaweka adhabu kali Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaanza tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo, Machi 2017, Tanzania iliondoa pombe za viroba. Sababu ilikuwa ulevi wa vijana, lakini mitaro nayo ilipata nafuu. Hatua hizi zilibadili sura ya miji kwa namna ambayo nchi nyingi tajiri hazikuthubutu. Hata hivyo tazama kilichochukua nafasi ya mfuko mwepesi. Mifuko mbadala inayouzwa sokoni, ile yenye mguso wa kitambaa, kwa sehemu kubwa ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja. Ni plastiki. Ikiwa imara na ikatumika kwa miaka, ni afadhali. Ikiwa hafifu huchanika baada ya safari mbili tatu na kuanza kutoa nyuzi, yaani kuwa maikroplastiki bila hata kusubiri jua. Kenya ililiona tatizo hilo mapema, na mamlaka yake ya mazingira ikatangaza mwaka 2019 kuipiga marufuku mifuko ya aina hiyo iliyokuwa hafifu. Tanzania nayo ilijikuta ikihangaika na vifungashio vyepesi vya karanga na barafu vilivyogeuzwa kuwa vibebeo. Sheria iliyolenga kitu kimoja kwa jina lake ilikimbiwa na kitu kingine chenye jina jipya. Kipimo cha sheria kingepaswa kuwa malighafi, uimara na nani anawajibika bidhaa ikishachakaa, wala si umbo lake.

Na wako wanaouliza kwa nini mkaanga dagaa wa Mwanza abebeshwe mzigo ambao ulianza katika visima vya mafuta na viwanda vya mbali. Dunia huzalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka, na kwa makadirio ya shirika la OECD ni asilimia 9 tu ya taka zake zinazorejelezwa. Machi 2022 Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi na kuamua kuandaa mkataba wa kisheria juu ya plastiki katika uhai wake wote. Rwanda, ikishirikiana na Norwei, imeongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye meno. Vikao vya Busan, mwishoni mwa 2024, na Geneva, Agosti 2025, viliisha bila makubaliano, kikwazo kikubwa kikiwa ni kupunguza uzalishaji wenyewe, jambo ambalo nchi zenye mafuta mengi hazilitaki. Lawama hiyo ni ya haki, na nchi za bonde hili zina kila sababu ya kuendelea kudai. Lakini haki ya kudai Geneva haizuii mvua ya masika kukomba Mirongo mwezi Aprili. Tena madai yetu yangekuwa na nguvu zaidi yangefika mezani na ushahidi wa ziwa lenyewe, ambao kwa sasa ni mwembamba.

Ushahidi huo unaweza kupatikana bila kuunda chombo kipya. Taasisi za utafiti wa uvuvi za nchi tatu, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda, tayari hushirikiana chini ya Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria yenye makao Jinja kupima wingi wa samaki kwa mitambo ya mwangwi, meli ikilizunguka ziwa zima. Kwenye safari hizohizo zingeweza kuchotwa chupa za maji na kopo za tope, kwa chujio la ukubwa mmoja lililokubaliwa na wote, lenye matundu madogo ya kutosha kukamata chembe zile ambazo wavu wa kukokota huziachia. Wapime pia dagaa wazima, wabichi na wakavu, wa mchangani na wa vichanjani, kutoka mialo ya nchi zote tatu, ili ijulikane ni kiasi gani hutoka majini na ni kiasi gani huongezwa pale wanapoanikwa. Na halmashauri za Mwanza, Kisumu na Kampala zinaweza kuanza mwaka huuhuu kuweka vizuizi vya taka katika midomo ya mito yao kabla ya mvua, na kuwalipa kwa uzito waokotaji wa vile vipande ambavyo soko la chupa haliwalipi, mifuko, vifungashio na nyavu kuukuu, wakati bado vinashikika kwa mkono.